Usione Vyaelea: Nyaraka za Samuel Beckett na Mpaka wa Uhakiki

Utangulizi

Waswahili husema, usione vyaelea, vimeundwa. Anayetazama jahazi likikata maji huona tanga na omo. Haoni mbao zilizokataliwa, misumari iliyong'olewa wala vipimo vilivyobadilishwa ufuoni kabla ya chombo kushushwa. Mhakiki wa tamthilia yumo katika hali hiyo hiyo. Anapokea matini iliyokamilika, iwe kitabuni au jukwaani, na aghalabu huihukumu kana kwamba ilizuka ikiwa hivyo. Pale ambapo mtunzi ameacha miswada, madaftari, shajara na barua, mhakiki hupata nafasi ya kufika ufuoni. Swali ni hili: akifika huko, atafute nini?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuzingatia nyaraka za kibinafsi na za kikazi za Samuel Beckett. Beckett alizaliwa mwaka 1906 huko Foxrock, kitongoji cha Dublin, akasoma katika Trinity College, akafanya makao Paris kuanzia 1937 na kufariki huko mwaka 1989. Aliandika kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, akazitafsiri mwenyewe kazi zake nyingi, na mwaka 1969 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Alijulikana pia kwa kukataa kata kata kueleza maana ya tamthilia zake. Kwa sababu hiyo, nyaraka alizoziacha zimepokewa na wahakiki wengi kama ufunguo wa nyumba iliyofungwa kwa miaka mingi.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ufunguo wa namna hiyo haumo. Nyaraka za Beckett hazimwezeshi mhakiki kuyarudisha katika tamthilia maisha ambayo mtunzi aliyaondoa kwa makusudi. Thamani yake kuu iko kwingine: zinaonyesha kazi yenyewe ya kuondoa. Mhakiki anayezitumia kurudishia kilichofutwa huiharibu kazi ambayo nyaraka hizo ni ushahidi wake; naye anayekataa kuzisoma kwa kisingizio cha uhuru wa matini huikosa kazi hiyo kabisa.

Mivutano ya nadharia kuhusu jambo hili si mipya. Mwaka 1946 Wimsatt na Beardsley walidai kwamba nia ya mtunzi si kipimo cha kazi ya fasihi, na mwaka 1967 Roland Barthes akatangaza kifo cha mtunzi. Kwa upande mwingine, mkabala wa kiwasifu umedumu madarasani, ambapo mwanafunzi huanza kwa kueleza mtunzi alizaliwa wapi na alisoma wapi, kisha huitafuta sura ya mtunzi huyo katika kila mhusika. Mikabala hii miwili huonekana kama maadui. Hata hivyo, yote miwili inakubaliana katika jambo moja: kwamba nyaraka za mtunzi ni habari kuhusu mtu. Nyaraka za Beckett zinaonyesha kuwa zinaweza kuwa habari kuhusu kazi.

Nyaraka zenyewe na mahali zilipo

Nyaraka za Beckett hazikai chini ya paa moja. Mkusanyiko mkubwa uko katika Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza. Ulianza mwaka 1971, wakati James Knowlson alipoandaa maonyesho kuhusu Beckett chuoni humo, na mtunzi mwenyewe akaanza kukabidhi miswada na madaftari yake. Trinity College huko Dublin ina barua alizomwandikia mshairi Thomas MacGreevy pamoja na madondoo aliyoyaandika kutoka vitabu vya falsafa na saikolojia katika miaka ya 1930. Harry Ransom Center ya Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin, ina miswada kadha, ikiwemo nakala za taipu za Krapp's Last Tape, tamthilia ambayo jina lake linaweza kufasiriwa kuwa Kanda ya Mwisho ya Krapp. Boston College nchini Marekani ina barua baina ya Beckett na Alan Schneider, aliyeziongoza tamthilia zake nyingi huko Marekani.

Mtawanyiko huu una sababu zake. Beckett hakuwa mtu wa kulundika. Baadhi ya miswada aliwapa marafiki, mingine ikauzwa, na vyuo vyenye fedha vikashindana na vile visivyo nazo. Mwezi wa Julai 2013 madaftari sita ya mswada wa riwaya yake Murphy yaliuzwa mnadani London, na Chuo Kikuu cha Reading kikayanunua kwa pauni 962,500. Bei hiyo inaonyesha kwamba karatasi iliyokatwa-katwa kwa kalamu imekuwa mali. Mali ikishakuwa na bei, shauku ya kutafuta siri ndani yake huongezeka, na mhakiki hana budi kujihadhari na shauku hiyo.

Mpaka aliouchora mtunzi

Beckett mwenyewe alijaribu kuweka mpaka. Mwaka 1985 aliidhinisha kuchapishwa kwa barua zake, lakini kwa sharti kwamba zichapishwe zile tu zinazohusiana na kazi yake. Sharti hilo lilionekana wazi siku lilipotolewa. Baada ya kifo chake likawa chanzo cha mvutano wa miaka. Jérôme Lindon, mchapishaji wake wa Paris na msimamizi wa urithi wake wa kifasihi hadi alipofariki mwaka 2001, alishikilia tafsiri finyu ya sharti hilo. Wahariri waliona kwamba kazi ya mtu wa aina hii haikomei mahali ambapo majina ya vitabu vyake yametajwa. Walikuwa wamepata zaidi ya barua 15,000. Hatimaye teuzi zilichapishwa katika majuzuu manne, la kwanza likatoka 2009 na la mwisho 2016.

Ugumu uliowakabili wahariri hao ni wa kinadharia kama ulivyo wa kisheria. Barua ambamo kijana analalamika kwa rafiki yake juu ya majipu, moyo unaodunda ovyo usiku na ugomvi na mamake ni ya kibinafsi kwa kipimo chochote cha kawaida. Hata hivyo, mtu huyo huyo baadaye aliandika tamthilia ambazo takriban zote zimejengwa juu ya mwili unaoshindwa: Estragon na viatu vinavyombana, Hamm asiyeona wala kusimama, Winnie aliyefukiwa mchangani. Je, majipu yanahusiana na kazi? Anayejibu kwamba hayahusiani anadai kujua mapema kazi inaanzia wapi.

Upande wa pili wa mpaka nao hauko imara. Barua kati yake na Schneider ni za kikazi: zinauliza juu ya taa, mavazi, hatua za mwigizaji na urefu wa kimya. Mwaka 1957, Schneider alipotaka ufafanuzi wa Endgame, Beckett alikataa kuitolea tafsiri na kumwachia matini kama ilivyo. Lakini katika barua hizo hizo, Schneider alipofiwa na babake, mtunzi aliyesifika kwa ukimya alimwandikia tanzia yenye uzito. Schneider mwenyewe alifariki London mwaka 1984 baada ya kugongwa na pikipiki akivuka barabara kwenda kutia posta barua aliyomwandikia Beckett. Mtu akiulizwa aiweke barua hiyo katika faili la kikazi au la kibinafsi, atashindwa kujibu.

Mfano mwingine ni tamthilia Eleutheria, iliyoandikwa mwaka 1947. Mwongozaji Roger Blin alipewa hiyo pamoja na En attendant Godot, akaichagua Godot, kwa sehemu kwa sababu ilihitaji waigizaji wachache na gharama ndogo. Baadaye Beckett aliificha Eleutheria na akakataa isichapishwe. Mwaka 1995, miaka sita baada ya kifo chake, ilichapishwa baada ya mabishano makali kati ya Lindon na mchapishaji wa Marekani, Barney Rosset. Wapo wanaoona kwamba wosia wa marehemu ulivunjwa. Wapo pia wanaoona kwamba mtunzi ambaye hakuichoma kazi yake, na kwa miaka yote hiyo aliiacha miongoni mwa nyaraka, hakuwa amesema neno la mwisho juu yake. Pande zote mbili zina haki kiasi. Jambo lisilopingika ni kwamba kuisoma Eleutheria kama tamthilia iliyokamilika, sawa na Godot, ni kuipa hadhi ambayo mtunzi aliinyima. Kuisoma kama njia aliyoiacha ili aifikie Godot ni kuipa hadhi inayoistahili.

Krapp na leja yake

Tatizo la mpaka baina ya maisha na kazi halikuwasubiri wahariri. Beckett alikuwa ameliweka jukwaani tangu 1958. Krapp's Last Tape ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika Royal Court, London, tarehe 28 Oktoba 1958, na mwigizaji wake alikuwa Patrick Magee. Mswada wa kwanza, ulioanzwa Februari mwaka huo katika daftari lililoko Reading, uliitwa kwa jina la mwigizaji huyo, kwa kuwa Beckett alikuwa ameisikia sauti ya Magee ikisoma nathari yake katika redio ya BBC mwishoni mwa 1957. Kabla ya kuiachilia tamthilia hiyo alimwandikia Donald McWhinnie wa BBC kuomba maelekezo ya jinsi kinasa sauti kinavyofanya kazi. Hii ni barua ya kikazi kabisa, nayo inaonyesha kwamba mtunzi wa giza na kimya alijali kujua swichi iko wapi.

Krapp ni mzee wa miaka 69. Kila siku ya kuzaliwa kwake hunasa kanda inayoeleza mwaka uliopita. Ana masanduku yenye nambari na leja inayoonyesha kila kanda iko wapi na ina nini. Kwa maneno mengine, Krapp ni mtunza nyaraka, na nyaraka zenyewe ni zake. Jioni hiyo anatafuta kanda aliyoinasa alipotimiza miaka 39. Anasoma vidokezo katika leja, na vingine havimwambii kitu. Amesahau ni tukio gani aliloliita la kukumbukwa. Anapowasha kinasa sauti, kijana wa zamani anasimulia kwa majivuno jinsi alivyopata ufunuo usiku wa dhoruba kwenye gati, ufunuo ambao ungewasha moto kazi yake ya uandishi. Mzee analaani na kuipeleka kanda mbele. Hataki ufunuo. Anachotaka kusikia, na kurudia kusikia, ni kipande kifupi kuhusu msichana katika mashua ndogo, siku walipokubaliana kwamba mapenzi yao hayana tumaini.

Hapa ndipo tamthilia inapowafundisha wahakiki wa nyaraka. Krapp wa miaka 39 alijua vyema lipi lilikuwa la kikazi na lipi la kibinafsi. Ufunuo ulikuwa hazina ya baadaye. Msichana alikuwa gharama iliyolipwa ili kazi iendelee. Miaka 30 baadaye mizani imepinduka. Kilichohifadhiwa kwa fahari kinarukwa, na kilichoagwa ndicho kinachosikilizwa gizani. Leja haikukosea kwa kusahau kitu. Ilikosea kwa sababu aliyeiandika hakuweza kujua ni kipi kitakuwa na maana kwa atakayeisoma, hata kama msomaji huyo ni yeye mwenyewe. Sharti la 1985 lina udhaifu huo huo, na ni ajabu kwamba aliyeliweka ndiye aliyekwisha kuonyesha udhaifu wake jukwaani miaka 27 kabla.

Wahakiki wengi hawakulipokea somo hilo. Walioisoma Krapp kama wasifu walikuwa na vifaa vya kutosha. Mamake Beckett alifariki Agosti 1950 katika nyumba ya wagonjwa kando ya mfereji wa Grand Canal, Dublin; mamake Krapp naye anafariki katika nyumba kando ya mfereji, huku mwanawe akiketi nje akisubiri. Beckett naye alipata mwelekeo mpya wa uandishi akiwa na umri wa miaka 39, mwaka 1945. Lakini Beckett alimweleza Knowlson, aliyeandika wasifu wake uliotoka 1996, kwamba ufunuo wake mwenyewe ulimjia katika chumba cha mamake, wala si gatini. Aidha, katika tamthilia kifo cha mama na ufunuo vinaangukia mwaka mmoja. Katika maisha vilitengana kwa miaka mitano.

Msichana wa mashuani amewazulia wahakiki mjadala mrefu zaidi. Baadhi yao wanamtambua kuwa Peggy Sinclair, binamu yake Beckett aliyefariki kwa kifua kikuu mwaka 1933. Wengine wanamtambua kuwa Ethna MacCarthy, mwanamke wa Dublin aliyependwa na Beckett katika ujana wao. Mwishoni mwa 1957 Beckett alipata habari kwamba MacCarthy alikuwa na ugonjwa usioponyeka, na wiki chache baadaye akaanza kuiandika Krapp. Nyaraka zinaunga mkono pande zote mbili, na kwa hivyo haziungi mkono upande wowote kikamilifu. Mhakiki anayesisitiza kwamba lazima awe mmoja wao anafanya kama mtu aliyekuta bahari ina chumvi, akatoka kutafuta ni mto gani ulioileta.

Tofauti hizo si makosa ya kumbukumbu. Mtunzi alichukua chumba na kukifanya gati, akachukua miaka mitano na kuifanya mmoja, akawachukua wanawake wawili au zaidi na kuwafanya sauti isiyo na jina juu ya maji. Kila badiliko lina kazi jukwaani. Gati, dhoruba na mnara wa taa vinampa kijana Krapp mandhari ya kujitukuza, ili mzee apate kitu cha kukidharau. Chumba cha mama kisingefaa. Anayeijua habari ya chumba hicho kutoka kwa wasifu, kisha akaitumia kuona kwa nini kimebadilishwa kuwa gati, amezitumia nyaraka ipasavyo. Anayetangaza kwamba gati kwa kweli ni chumba amebomoa kilichojengwa.

Daftari ambalo Beckett aliliandaa alipoiongoza tamthilia hiyo mwenyewe mjini Berlin mwaka 1969, huku Martin Held akiigiza Krapp, linathibitisha hoja hii. Humo hakuna habari za mama wala za wapenzi. Kuna orodha za vitu vyeupe na vyeusi, vya mwanga na vya giza, na maelezo kuhusu jinsi Krapp alivyokosea kuvitenganisha. Kuna vipimo vya mwendo na vituo vya kusikiliza. Katika utayarishaji huo Beckett aliondoa pia pua ya zambarau aliyompa Krapp mwaka 1958, kwa kuwa ilimwelekeza mtazamaji kwenye kichekesho cha mlevi. Miaka 11 baada ya kuchapisha, alikuwa angali anafuta.

Jina lililofutwa

Ushahidi mzito zaidi wa ufutaji umo katika mswada wa En attendant Godot, tamthilia ambayo jina lake linaweza kufasiriwa kuwa Kumngoja Godot. Beckett aliiandika kati ya Oktoba 1948 na Januari 1949. Katika tendo la kwanza la mswada huo, mhusika anayefahamika leo kama Estragon aliitwa Lévy, jina la Kiyahudi lisilohitaji maelezo kwa msomaji wa Paris ya baada ya vita. Mhusika huyo hulala mtaroni na hupigwa usiku na watu wasiotajwa. Kwa jina la Lévy, wapigaji wangetambulika mara moja.

Beckett hakuwa mgeni wa jambo hilo. Wakati wa utawala wa Wajerumani alijiunga na kundi la upinzani wa siri mjini Paris. Kundi liliposalitiwa mwaka 1942 alikimbilia Roussillon, kijiji cha kusini mwa Ufaransa, akawa anafanya kazi mashambani. Rafiki yake Alfred Péron, aliyekuwa naye katika kundi hilo, alikamatwa na kufariki mwaka 1945, muda mfupi tu baada ya kukombolewa kutoka kambi ya Mauthausen. Matini ya Kifaransa iliyochapishwa bado inataja Vaucluse na Roussillon, na inamtaja kwa jina mkulima mmoja wa hapo. Beckett alipoitafsiri kwa Kiingereza, mahali pakabadilika, na msemaji akashindwa kulikumbuka jina la mkulima. Kufuta hakukukoma mswadani. Kulihamia katika tafsiri.

Mwendo huo huo unaonekana katika nyaraka za Happy Days, yaani Siku za Furaha, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza New York mwaka 1961. Katika rasimu za mwanzo, mume wa Winnie husoma gazetini habari za makombora yaliyoangukia miji na kuua watu kwa maelfu. Katika matini ya mwisho makombora yametoweka. Mume husoma tangazo la kifo na matangazo ya kazi. Rosemary Pountney, aliyezichunguza rasimu hizo katika utafiti wake wa 1988, alionyesha kwamba Beckett alijiandikia pambizoni kumbusho la kuifanya sehemu fulani isiwe bayana. S. E. Gontarski alikuwa tayari ameupa mtindo huu jina mwaka 1985 alipozungumzia nia ya mtunzi ya kutengua.

Je, kufuta ni kuikwepa historia?

Swali hili ni zito kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambako kwa miongo kadha uhakiki umeidai fasihi iwajibike kwa jamii. Shutuma dhidi ya tamthilia za ubwege, jina linalotokana na istilahi aliyoieneza Martin Esslin mwaka 1961, zinajulikana: kwamba zinamwonyesha binadamu asiye na nchi, asiye na tabaka, asiye na tumaini, na kwamba zinaifanya dhuluma inayotokana na mfumo ionekane kama kudura. Georg Lukács alimtumia Beckett kama mfano wa uozo wa fasihi ya kisasa. Theodor Adorno akajibu mwaka 1961, katika insha yake kuhusu Endgame, kwamba historia haiko nje ya tamthilia hizo. Iko ndani kama jeraha.

Adorno alitoa hoja hiyo kwa kusoma matini peke yake. Nyaraka zinaipa ushahidi. Aliyeandika jina la Lévy hakuwa amesahau historia, na aliyeweka makombora gazetini alijua anaishi katika enzi gani. Mwezi wa Juni 1946, baada ya kufanya kazi katika hospitali ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Ayalandi huko Saint-Lô, mji uliobomolewa na mabomu, aliiandikia redio ya Ayalandi maelezo mafupi kuhusu mji huo. Humo alizungumza waziwazi kuhusu magofu, wagonjwa na dawa. Maelezo hayo yalichapishwa mwaka 1986. Yanadhihirisha kwamba Beckett aliweza kuandika kwa uwazi alipotaka. Hivyo basi, kutokuwa bayana katika tamthilia zake hakukuwa upungufu wa uwezo wala wa dhamiri. Kulikuwa uamuzi.

Uamuzi huo ulilipa faida gani? Lévy angekuwa mhanga wa watu fulani mahali fulani, na mtazamaji ambaye si mmoja wa watu hao angeweza kurudi nyumbani akiwa salama. Estragon anapigwa kila usiku, na hakuna mtazamaji anayeweza kusema kwamba wapigaji si jamaa zake. Ndiyo sababu tamthilia hiyo imeeleweka katika magereza na katika miji iliyozingirwa: wafungwa wa San Quentin waliitazama mwaka 1957, na Susan Sontag akaiongoza Sarajevo mwaka 1993, mji ukiwa chini ya mzingiro. Hasara nayo ipo, na uhakiki wa haki lazima uitaje. Jina la Lévy likishafutwa, wapo watakaomwona Estragon bila kuwakumbuka waliouawa. Mtunzi alilipa gharama hiyo, na mswada ndio stakabadhi yake. Anayeusoma ana wajibu wa kukumbuka kwamba gharama ililipwa, bila kujifanya kwamba bidhaa haikununuliwa.

Hitimisho

Nyaraka za Samuel Beckett zinapendekeza utaratibu wa kusoma. Kwanza, mhakiki asianze na swali la nani au wapi, bali aulize nini kilibadilika baina ya rasimu moja na nyingine. Pili, aulize badiliko hilo linafanya kazi gani katika tamthilia iliyokamilika. Tatu, aheshimu kufutwa kama sehemu ya matini, sawa na kimya ambacho Beckett alikipimia muda jukwaani. Maisha ya mtunzi yanaingia katika utaratibu huu kama mbao zinavyoingia katika jahazi: bila mbao hakuna chombo, lakini anayesifu mbao peke yake hajaona chombo.

Suala hili linaugusa uhakiki wa Kiswahili moja kwa moja. Ubwege umepata watunzi wake katika lugha hii. Amezidi ya Said Ahmed Mohamed (1995), pamoja na jozi yake ya Ame na Zidi, imelinganishwa mara nyingi na Godot. Ulinganishi huo hufanywa kwa matini zilizochapishwa peke yake. Miswada ya kale ya tenzi ilikusanywa na akina Taylor na Hichens na sasa iko London, na mingine ilikusanywa na Allen na iko Dar es Salaam. Mtafiti anayetaka kuona mkono wa mnakili anajua pa kwenda. Rasimu za tamthilia za kisasa ni jambo jingine. Mtunzi anayeandika kwa kompyuta hufuta bila kuacha alama, na karatasi za waliotumia kalamu ziko mikononi mwa jamaa ambao huenda hawajaambiwa kwamba kurasa zilizokatwa-katwa zina thamani. Idara za Kiswahili zinaweza kuwaomba watunzi walio hai rasimu moja au mbili, pamoja na masharti yao kwa maandishi. Masharti hayo yatabishaniwa baadaye, kama yalivyobishaniwa ya Beckett. Ni afadhali kubishania masharti ya karatasi zilizopo kuliko kukisia yaliyokuwa katika karatasi zilizofungiwa maandazi.